Kunadi Riwaya ya Marehemu

Tangu niache kazi nimekuwa nikilala mchana. Zamani usingizi huo sikuujua. Niliwaonea wivu wenye maduka wa Mlandege waliokuwa wakifunga milango baada ya adhuhuri na kupotea. Sasa nipo Chukwani, dirisha liko wazi, upepo unaingia na harufu ya bahari na nguo zilizoanikwa, na nikishafumba macho wanakuja. Hawaji jamaa zangu waliotangulia, kama ningetaraji. Wanakuja watu wa ndani ya miswada: yule msichana aliyeogopa ngazi, yule daktari wa meno aliyekuwa kibogoyo, yule bwana harusi aliyekwenda kununua waridi asirudi. Wengi wao hawakuchapishwa, na nadhani ndiyo maana hawana pengine pa kwenda.

Nyinyi wenzangu mliobaki pale juu ya duka la vitambaa mmenitaka nikuandikieni jinsi kazi ilivyokuwa. Vyeo sitaviandika, kwa sababu ofisi ilikuwa na watu watatu na cheo kimoja, nacho kilikuwa cha Bwana Nassor. Nitaandika juu ya kunadi, yaani kumweleza mchapishaji riwaya asiyoijua mpaka atamani kuisoma, na juu ya kusema kweli katika kunadi. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote, na ndilo linalonirudia usingizini.

Bwana Nassor ndiye aliyeifungua ofisi. Ukoo wake uliwahi kuwa na mashamba ya mikarafuu, kisha ukawa hauna, naye alilisema hilo kama mtu anavyosema jana ilinyesha mvua. Alikuwa amesoma vitabu maisha yake yote, akaona kisiwa kimejaa waandishi wasiojua mlango wa mchapishaji ulipo, na Dar es Salaam na Nairobi kuna wachapishaji wasiojua kwamba kisiwa kina waandishi. Akajifanya wakala wa waandishi. Neno lenyewe liliwapa watu taabu. Siku zangu za mwanzo walipanda ngazi zetu kuulizia tiketi za boti, na mmoja alikasirika kweli kweli tulipomwambia hatuuzi.

Siku ya kwanza kabisa alinikalisha kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi, akanipa mswada na kalamu ya risasi. Kalamu nyekundu hakuitaka mle ofisini. Alisema inawafanya waandishi wajione wanafunzi na sisi tujione walimu, na yote mawili ni uongo. Nikasoma kutwa. Alasiri ikaletwa kahawa, akaniambia nimweleze kitabu. Nikamwambia ni riwaya nzuri sana, yenye mafunzo, inayogusa moyo.

"Nzuri nshasikia," akasema. "Ni nini?"

Nikaanza tena na yale mafunzo. Bwana Nassor akanywa kahawa yake yote huku akiniangalia kwa huruma, kisha akanipeleka dirishani, akanyoosha mkono upande wa soko la Darajani. Mnadi wa samaki, aliniambia, hapotezi pumzi kusema samaki wangu mtamu. Anamfunua matamvua, mnunuzi aone mwenyewe kama damu bado ni nyekundu. Nami niseme kitabu ni nini. Uzuri, kama upo, watauona. Nilirudi nyumbani nimenuna, maana nilikuwa nimetoka chuoni na sikupenda kusomeshwa na samaki.

Alikuwa na kanuni nyingine, ambayo natumaini bado mnaifuata. Barua ya kunadi haiandikwi mpaka mwandishi apande ngazi, akae, anywe kahawa, na akisimulie kitabu chake kwa mdomo bila karatasi. Na akishamaliza kusimulia, Bwana Nassor humuuliza mambo ambayo kitabuni hayamo. Shangazi yule alikuwa akipenda chakula gani? Nyumba ile waliiuza kwa nani? Mwandishi wa kweli hujibu papo hapo, na mara nyingi hujibu zaidi ya alivyoulizwa. Bwana Nassor alikuwa akisema aliyepika anajua kilichobaki chunguni, na aliyepakuliwa anajua sahani yake tu. Kwa njia hiyo tuliwakamata wawili watatu waliokuja na kazi za watu, nao walishuka ngazi haraka kuliko walivyopanda.

Lakini wezi walikuwa wachache. Wengi walikuwa watu wema waliotia chumvi, na mimi nilijifunza chumvi zao zote. Kila mwandishi alikuwa ameshamliza mtu: mke, jirani, mwalimu wake wa zamani. Kila mswada ulikuwa haujapata kutokea. Kijana mmoja wa Kiwengwa, mhudumu wa hoteli, alituambia riwaya yake ya mapenzi inangojwa na mchapishaji wa Ulaya. Tulipochimba, mchapishaji akawa ni mgeni aliyekunywa sharubati mezani kwake, akamwambia akimaliza kuandika amjulishe. Bwana Nassor hakumgombeza. Alimuuliza tu kwa nini alikiandika kitabu, na kijana akajibu kwa aibu kwamba mtu anayepangusa meza husahauliwa kuwa ana masikio, na ameyasikia mengi. Sentensi hiyo tukaiweka juu kabisa ya barua, na ndiyo iliyompatia mchapishaji, wa Dar lakini, si wa Ulaya. Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ingekuwa kweli tungefunga ofisi tukauze vitambaa na wale wa chini.

Kwa hiyo niliudhani uongo wa waandishi ni wa aina moja, wa kujikuza. Bwana Nassor alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, na kile kiti cha mguu mfupi nilikuwa nimeshakirithi kwa hiari yangu, siku alipopanda ngazi Bi Zuwena.

Alikuwa mjane wa Malindi, mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini. Mumewe, Haji, alikuwa mtu wa Tumbatu, baharia wa meli za mizigo, siku nyingi safarini na chache nyumbani. Alikuwa amefariki kwa maradhi, si kwa bahari, jambo ambalo Bi Zuwena alilisema mwanzo kabisa kama aliyechoka kuulizwa. Hawakujaaliwa watoto. Alisema marehemu aliacha riwaya, aliyokuwa akiiandika kwenye simu yake akiwa melini, na kwamba yeye ameitoa tu kwenye karatasi. Tena alikuwa ameshamwandikia mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam, mwanamke mwenye jicho kali, akimweleza hivyo hivyo. Mchapishaji akapendezwa, akamtuma kwetu tuisimamie.

Nikaisoma alasiri moja ya joto, feni inazunguka kivivu. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyeko edani. Nyinyi mnaijua eda: mume akifa, mke hukaa ndani ile miezi yake mpaka itimie. Mwanamke wa riwaya amekaa ndani na mtaa mzima unamjia kwa masikio. Anaujua mchana kwa kipande cha jua kinachotambaa sakafuni, na saa anazijua kwa watu wanaopita kichochoroni: mwenye mkokoteni, watoto wa chuo cha Kurani, muuza kahawa akigonga vikombe vyake. Kila anachokisikia humsimulia mumewe ambaye hayupo, mtu wa baharini, mtu asiyejibu. Nilisoma nikiwa kama nimesinzia. Nikasikia vikombe vikigongwa, nikainua kichwa, na mpaka leo sijui kama viligongwa kitabuni au chini ya dirisha letu.

Mchapishaji naye alikuwa ameshaingia ndotoni, ila yake ilikuwa ndoto nyingine. Alinipigia simu akiwa na furaha. Baharia aliyeiona eda ya mkewe kabla hajafa! Alisema hilo peke yake litamfanya msomaji anunue, na alikwishaanza kulifikiria jalada. Nikamwambia angoje, mwandishi bado hajasimulia. Akanikumbusha kwamba mwandishi yumo kaburini. Nikasema basi atasimulia mjane.

Bi Zuwena akaja, akanywa kahawa, akasimulia. Alisimulia vizuri, kwa upole, jicho chini, na kila baada ya muda akisema "marehemu kaandika hivi." Ningeweza kuiacha hapo. Lakini kanuni ni kanuni, nami nilitaka kujua jambo lililokuwa likinisumbua. Katikati ya riwaya yule muuza kahawa anaacha kusikika, na kitabu hakisemi kwa nini. Nikamuuliza imekuwaje.

"Kahamia kwa mwanawe, Bububu," akajibu palepale. "Vikombe kamwachia jirani yake, na jirani hajui kuvigonga. Anapita kila siku, lakini ndani hasikiki."

Akajisikia alichosema. Akashika ncha ya buibui lake akawa anaikunja na kuikunjua. Nami nikangoja, kwa sababu sikuona raha yoyote katika kushinda. Mwishoe akaniambia yote kwa sauti ya chini zaidi. Riwaya ni yake. Aliiandika akiwa edani, kwa kidole gumba, kwenye simu. Hakuna aliyemkataza kuandika. Lakini alijua watu watakavyosema, kwamba mumewe hajapoa kaburini naye amekaa kutunga hadithi, badala ya kushika tasbihi. Na yeye ni nani hata aseme ana riwaya? Haji alikuwa mtu wa heshima. Kumpa Haji kitabu ilikuwa kama kumsomea hitima, na yeye mwenyewe angebaki nyuma ya pazia.

"Bi Raya," akasema, "nistiri."

Neno zito hilo kwetu. Kumsitiri mwenzio ni thawabu, na kumfedhehesha ni dhambi, na mimi nimelelewa hivyo kama nyinyi. Nikamwambia nitamsitiri. Akitaka jina la kubuni juu ya jalada, tutaliweka, na hakuna mtu wa Malindi atakayelijua kutoka kwangu. Lakini kusitiri ni kunyamaza, na yeye alikuwa akinitaka niseme; nimwambie mchapishaji kwamba maiti ameandika kitabu, nitie na saini. Hilo sikuliweza. Isitoshe alikuwa amesahau jambo ambalo hata mtoto wa mjini hapa analijua: mali ya aliyekufa ni mirathi. Haji alikuwa na kaka mmoja, Bwana Makame, na kama riwaya ni ya Haji, basi Bwana Makame ana fungu lake ndani yake na sauti yake juu yake. Bi Zuwena alilia kidogo, akafuta uso, akasema nimpe muda. Nikampa. Uongo wa kujikuza nilikuwa nimeshauzoea. Huu wa kujifuta ulinikosesha raha, kwa sababu ulikuwa na adabu nyingi mno.

Muda haukuwa mrefu. Siku chache baadaye nikasikia miguu miwili mizito ngazini na mingine myepesi nyuma yake. Alikuwa Bwana Makame mwenyewe, ametoka Tumbatu, kofia safi, mkononi ana pweza mkavu amefungwa kwenye gazeti. Bi Zuwena alikuwa nyuma yake, rangi imemtoka. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali na hali ya wazee wangu ambao hakuwajua. Kisha akasema amekuja kwa mambo mawili, kushukuru na kuomba.

Kushukuru kulimchukua muda. Alikuwa amesomewa kitabu chote na mjukuu wake, kwa nakala aliyopelekewa na Bi Zuwena. Haji alikuwa mdogo wake wa mwisho, mtu wa kimya tangu utoto. Angeweza kukaa na wenzake asubuhi mpaka magharibi wakitengeneza nyavu asitoe neno. Wala alipougua hakusema anaumwa wapi. Na sasa mtu huyo ameacha kitabu kizima, maneno juu ya maneno. Bwana Makame alisema hivyo na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeletewa barua aliyokwisha kuikatia tamaa.

Ombi lake lilikuwa dogo. Kuna sura moja ambamo jogoo wa jirani anamponyoka mwenyewe, mtaa mzima unamkimbiza kichochoroni, na mjane ndani anaanza kucheka. Anacheka mpaka anauma upindo wa kanga asisikike. Kisha anagundua kwamba tangu msiba hajacheka, naye anakaa akishangaa nafsi yake. Bwana Makame alitaka sura hiyo itolewe. Watu wa kwao wataisoma, na watamtazama Zuwena, na watauliza ni mume gani anayemwandikia mkewe kicheko juu ya kifo chake. Aliomba kwa adabu, akitazama pweza.

Mimi nilijua, na mnajua nyinyi mnaoifanya kazi hii, kwamba ukiitoa sura ile riwaya inabaki kilio kitupu. Nilichoweza kukisema kwa haki nilikisema. Nikamweleza Bwana Makame kwamba ikiwa kitabu ni cha Haji, yeye ni mrithi, na neno lake lina uzito. Sura inaweza kutoka. Baada ya hapo nikanyamaza. Nilikuwa nimeahidi kusitiri. Sikumtazama Bi Zuwena, nikaitazama feni. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema ni nani wa kumwambia mzazi avue.

"Shemeji," akasema Bi Zuwena, "sura hiyo haitoki."

Mzee akauliza kwa nini.

"Kwa sababu nlicheka. Siku ile ya jogoo, nlicheka kweli. Kitabu changu, shemeji. Nlikiandika miye, edani. Haji hakuandika hata neno."

Bwana Makame hakukasirika. Ningependa angekasirika, ingekuwa rahisi kumtazama. Alivua kofia, akaiweka gotini, akailainisha kwa kiganja mara nyingi. Kutoka chini ilikuja sauti ya kitambaa kinachochanwa, kirefu, halafu kingine.

"Miye nlifurahi," akasema mwisho, "nikidhani Haji kasema."

"Hakusema, shemeji. Miye nlikuwa nnamjibu."

Mzee akalia. Alilia kama watu wa umri wake wanavyolia, bila sauti, na Bi Zuwena akalia naye, nami nikainuka nikaenda kuagiza kahawa ambayo hakuna aliyeihitaji. Niliporudi walikuwa wakizungumza juu ya Haji, vitu vidogo, jinsi alivyokuwa akivua viatu mbali na mlango asiamshe mtu. Habari ya sura ya kicheko haikutajwa tena.

Mambo ya kazi yaliyofuata ni mafupi. Nilimpigia yule mchapishaji wa Dar nikamweleza ukweli, kwa idhini ya mwenyewe. Akasema baharia aliyekufa alikuwa nusu ya kitabu kwake, na mjane aliye hai, kwa bahati mbaya, wako wengi. Akajitoa. Sikumlaumu, alikuwa ameipenda hadithi ambayo haikuandikwa. Tukazunguka na mswada ule mlango kwa mlango, tukanyamaziwa, tukaambiwa soko gumu, mpaka mchapishaji mmoja wa Nairobi aliposoma barua yetu akaomba kitabu kizima, kisha akakichukua, jogoo na kila kitu. Jina la jalada ni la Bi Zuwena, lake hasa. Jina la kubuni nilimkumbushia, akasema alishachoka kukaa nyuma ya pazia.

Barua hiyo mnayo, na mnawaonyesha wageni kama mfano. Ni fupi. Inasema mwandishi ni mjane wa Malindi, kwamba aliiandika riwaya akiwa edani, na kwamba ni ya mwanamke anayemsimulia mumewe aliyekufa sauti za kichochoroni. Sentensi ya mwisho mmeniuliza mara nyingi imetoka wapi, maana haifanani na mwandiko wangu. Haikutoka kwangu. Siku ile, kabla hawajashuka ngazi, Bwana Makame alisimama mlangoni akasema ana ombi jingine, na hili akikataliwa hatasema kitu. Tukikinadi kitabu, tusiwaambie watu kwamba mdogo wake alikuwa bubu.

"Semeni alikuwa akisikiliza," akasema.

Kalamu ya risasi ilikuwa mkononi mwangu. Huruma yangu yote ilitaka kuandika palepale. Lakini mzee wa watu alikuwa ameniomba jambo zuri, na mazuri ndiyo nimefundishwa kuyafunua matamvua. Nikamgeukia mjane wa Haji.

"Bi Zuwena," nikamuuliza, "ni kweli?"

Alitazama dirishani, kule kwenye kelele za Darajani, akawa mbali nasi, na mimi nikaona kwamba anatafuta hasa, hataki kumpa marehemu hata neno moja lisilo lake. Tukamngoja sote wawili, mzee na mimi.

"Safari yake ya mwisho," akasema, "alinipigia simu kutoka bandarini. Hakuniamkia. Aliuliza tu, muuza kahawa kapita?"

Nikaandika: Alikuwa akisikiliza.